Wanauza nini hapa? Wazazi wanauliza

Binti yangu wa miaka sita anaangalia video za mtoto anayefungua maboksi ya midoli, kisha ananisumbua nimnunulie. Hilo ni tangazo? (Mama, Morogoro)

Mara nyingi ndiyo, ila limevalishwa nguo za mchezo. Mwaka 2019 shirika la Truth in Advertising la Marekani lilipeleka malalamiko serikalini kuhusu Ryan ToysReview, chaneli ya YouTube ya mtoto anayefungua midoli, likidai video zake zimejaa udhamini ambao mtoto mdogo hawezi kuutambua. Na kweli ni vigumu: jopo la Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani lilieleza mwaka 2004 kwamba walio chini ya miaka 8 hawana uwezo wa kuona kuwa tangazo lina nia ya kuwashawishi.

Kwa hiyo usimpe mhadhara. Kaa naye, useme kwa sauti: "Huyu kapewa mdoli bure ili wewe uutake." Halafu ufanyeni mchezo wa "wanauza nini?" Chezeni kwenye televisheni, kwenye mabango ya barabarani, hata kwa kijana wa spika anayepita mtaani na dawa ya kunguni. Akishamshtukia huyo, wa kwenye simu hatamsumbua sana.

Wa kwangu yuko Gredi ya Saba. Kila kitu ni kweli kwa sababu "kiko Google". (Baba, Kisumu)

Mwambie Google ni dalali wa vyumba: anakuonyesha, hajavijenga. Na vingine kalipwa avitangulize. Mwachie mtoto atafute mwenyewe matokeo yenye alama ya udhamini.

Kisha mfundishe kutoka kwenye ukurasa aliouona kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatazama wahakiki wa habari wakiwa kazini, wakaona hawakai kwenye ukurasa mmoja kuuchunguza. Wanafungua mwingine, wanauliza: wengine wanasemaje kumhusu huyu? Hapo Kenya mnao PesaCheck, wanaohakiki madai kama ni ya kweli. Chukueni dai moja mlilolisikia wiki hii, mlitafute pamoja.

Nimnyang'anye simu tu? (Mama, Dodoma)

Ya jirani ipo.

Babu yake ndiye anayesambaza uongo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Mtoto akimsahihisha si utovu wa adabu? (Mzazi, Tanga)

Akimsahihisha mbele ya ukoo mzima, ndiyo. Amfuate pembeni, ampe shikamoo yake, kisha aulize: "Babu, hii umeipata kwa nani?" Swali halimvunjii mzee heshima. Wakiwa pamoja, amwonyeshe ile mishale miwili juu ya ujumbe: maana yake umesambazwa hatua tano au zaidi tangu kwa aliyeuanzisha. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauruhusiwi kutumwa zaidi ya sehemu moja kwa wakati.

Wala tusiwasimange wazee. Mimi mwenyewe niliwahi kutuma ule wa "bando la bure, sambaza kwa makundi kumi". Nilipomaliza la kumi, mwanangu akaniuliza kwa upole kama bando limeingia.

Halijaingia mpaka leo.