Karatasi inafanya mawimbi nikianza kupaka rangi, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Ngamiani, Tanga. Nilipokuja Bagamoyo nilipiga picha ya mlango wa kale wa nakshi, nikataka kuuchora kwa rangi za maji, kila ua na kila njumu (msumari wa pambo). Karatasi yangu ni ya gramu 200. Nikipaka tu rangi ya kwanza inainuka mawimbi, rangi inatuama mabondeni, nakshi zinaharibika. Nimerudia mara tatu. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkono wako hauna kosa, ila umeanza kuchora kabla karatasi haijamaliza kutanuka.

Nyuzi za karatasi hunywa maji na kuvimba. Ukilowesha sehemu moja, hiyo inatanuka na jirani yake kavu haisogei, basi panainuka. Dawa yake ni kuilowesha yote, kuibana kingo ingali mbichi, na kuiacha ikauke hivyo hivyo. Inapokauka inataka kurudi ilivyokuwa, kingo zinaizuia, inakaza kama ngozi ya ngoma. Ukiilowesha tena, kwanza inalegeza ule mkazo, haifiki kuinuka.

Tafuta karatasi ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita ya mraba. Ya gramu 640 haihitaji kubanwa, lakini bei yake inauma. Wengi watakwambia kazi ya nakshi inataka uso laini kabisa. Mimi kwa anayeanza napendelea wenye mkwaruzo kidogo, kwa sababu kwenye laini rangi hukauka na michirizi.

Izamishe kwenye maji ya baridi dakika tano hivi. Maji ya moto yanaondoa ile gundi iliyotiwa kiwandani ili rangi isizame. Inyanyue kwa pembe mbili, iache ichuruzike, ilaze juu ya plaiwudi nene. Usiisugue. Kingo zibane kwa tepu ya karatasi, ile ya kahawia yenye gundi inayoamshwa kwa maji. Tepu ya plastiki haishiki penye unyevu. Hiyo ya kahawia ipitishie sponji yenye maji mara moja tu, maana ukiilowesha mno gundi yote inabaki kwenye sponji. Kisha laza ubao chali, kivulini, mpaka kesho yake. Mimi niliwahi kuharakisha nikauweka juani: upande mmoja ukakauka kabla ya mwenzake, karatasi ikapasuka kando ya tepu kutoka pembe hadi pembe.

Hapa pwani kuna adui mwingine, unyevu wa hewa. Karatasi ikikaa wazi miezi mingi, ile gundi ya kiwandani inaoza, na rangi inazama kwa madoadoa kama kwenye karatasi ya kukaushia wino. Kuyarekebisha ni kazi ngumu. Karatasi zako zifunge kwenye mfuko wa plastiki, mahali pakavu.

Chora mlango kwanza kwenye karatasi ya kawaida, ufute utakavyo. Ukishapatia, paka penseli laini nyuma yake, uiweke juu ya karatasi iliyokaza, ufuatishe mistari kwa mkono mwepesi. Raba ikisugua karatasi ya rangi inachubua uso, na pale palipochubuka rangi itaingia nyeusi. Chini ya kiganja weka kipande cha karatasi safi, kwani mkono huacha mafuta na rangi haishiki penye mafuta.

Usianze na maua. Mng'ao wa kila njumu uache mweupe wa karatasi, tangu mwanzo. Inua ubao kwa nyuma kwa kibiriti kimoja, upake mlango wote, isipokuwa ile ming'ao, rangi moja hafifu, kahawia yenye maji mengi, ukishusha tone lile lile kutoka juu hadi chini bila kurudi nyuma. Halafu subiri. Gusa kwa mgongo wa kiganja: ikiwa ya baridi bado ina maji, hata kama jicho linaiona kavu. Wengi wanaharibu hapa.

Ikishakauka, anza na vivuli vya mfaa, ule mhimili wa kati, kwa buluu iliyochanganywa na kahawia. Kivuli chini ya kila petali ndicho kitakachochonga ua. Mstari wa kuzungushia hutauhitaji.