Maswali na Majibu: Paneli Nne kwa Betri Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Nyumba yangu iko Ngamiani, Tanga, na ina umeme wa TANESCO, lakini unapokatika usiku watoto hawalali kwa joto na samaki waliomo kwenye friji huharibika. Fundi amenipimia paneli nne za wati 300, betri moja ya kawaida ya volti 12 yenye ampea-saa 200, pamoja na inveta, akanihakikishia kwamba vitabeba kila kitu, hata pasi, na kwamba nitaagana na LUKU. Tunazo taa sita, televisheni, feni mbili za dari na friji ndogo. Je, nimlipe?
Baba wa watoto wanne, Ngamiani

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Usimlipe bado. Kinachoamua ukubwa wa mtambo wa sola si paneli ngapi zitaenea juu ya bati, bali ni wati-saa mnazotumia kwa siku, na hasa zile mnazotumia jua likishatua. Tuchukue vitu ulivyovitaja. Taa sita za LED za wati 7 zikiwaka saa tano hula wati-saa 210. Televisheni ya wati 50 kwa saa hizo hizo hula 250. Feni mbili za wati 60 kila moja, zikizunguka saa nane za usiku, hula 960, na friji ndogo, kwa kuwa huwaka na kuzima yenyewe, tuikadirie 1,000 kwa siku nzima. Ukiongeza simu za nyumba nzima unafika karibu wati-saa 2,480, ambazo kwa lugha ya LUKU ni kama uniti mbili na nusu, kwani uniti moja ni wati-saa 1,000.

Sasa tazama usiku peke yake. Taa, televisheni, feni na nusu ya matumizi ya friji ni wati-saa 1,920, na kwa kuwa inveta, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, nayo hula sehemu yake, betri itatakiwa kutoa kama 2,130. Betri aliyokupimia fundi ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi (volti 12 mara ampea-saa 200), lakini betri ya kawaida, yaani ya risasi na asidi, haifai kushushwa chini ya nusu, hivyo zilizo zenu kweli ni 1,200 tu. Mtabaki gizani usiku ukiwa bado mbichi, na betri inayokamuliwa hadi chini kila siku hufa mapema mno. Paneli nazo zimezidi. Wati 1,200 katika jua la saa sita mchana zinaweza kuisukumia betri ya volti 12 karibu ampea 100, ilhali betri ya ukubwa huo inataka kuchajiwa kwa ampea 20 hadi 40. Kontrola nzuri, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, itaizuia hatari hiyo, lakini utakuwa umelipia umeme ambao hauna pa kwenda. Kwa ufupi, fundi wako amezidisha kitu kinachoonekana na jirani na kupunguza kile kinachofichwa chini ya ngazi.

Kabla ya kuongeza betri, badilisha feni. Zipo feni za dari zenye mota ya kisasa isiyotumia brashi, ambazo hula takribani wati 30 na upepo wake ni ule ule. Feni mbili za namna hiyo zitakuokolea wati-saa 480 kila usiku, na kwa kuwa betri ya risasi hutumika nusu tu, hizo ni sawa na ampea-saa 80 za betri ambazo hutalazimika kuzinunua, wala kuzinunua tena zile za kwanza zitakapochoka. Matumizi ya siku yatashuka hadi wati-saa 2,000. Ukikadiria saa nne na nusu za jua kali kwa siku hapa pwani, na kukata theluthi moja hivi inayopotea kwa joto, vumbi, nyaya na betri yenyewe, paneli mbili za wati 330 hadi 350 zinatosha. Kwa betri, nunua mbili za ampea-saa 200 ziungwe ziwe volti 24, au, kama mfuko unaruhusu, moja ya lithiamu ya volti 24 yenye ampea-saa 100, ambayo inaweza kutumika hadi asilimia 80 bila kudhurika.

Kuhusu kuagana na LUKU, niseme jambo ambalo wauzaji hawapendi lisemwe: kwa nyumba ya mjini ambayo tayari ina umeme wa gridi, sola ni ya kukuvusha umeme unapokatika, na yeyote anayekuahidi kwamba itarudisha fedha zako upesi anakupamba. Mteja wa kundi la matumizi madogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti kwa bei ya chini sana kuliko anayetumia zaidi ya hapo, na uniti zenu mbili na nusu kwa siku zinaangukia hapo hapo mpakani. Kinachowavusha mpaka ni pasi na birika la umeme. Pasi ya wati 1,000 inayopashwa moto kila asubuhi kwa ajili ya shati moja hupoteza umeme mwingi kwa kule kupata moto tu. Zipigwe nguo za juma zima kwa mkupuo mmoja, tena kwa umeme wa TANESCO, si kwa betri. Kisha kague mpira wa mlango wa friji: funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, ukivute, na kikitoka bila kukaza mpira umelegea na baridi inavuja usiku kucha. Friji isibanwe ukutani, kwani joto linalotoka nyuma yake halina njia nyingine.

Mwisho, mwambie fundi atenge njia ya peke yake ya taa, feni, televisheni na friji, aweke swichi ya kubadilishia ili umeme wa inveta na wa TANESCO visikutane kamwe, na akuoneshe leseni yake ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Inveta ikirudisha umeme kwenye nguzo wakati laini imezimwa, inaweza kumuua fundi anayeitengeneza. Chagua pia inveta inayoweza kuchaji betri kwa umeme wa TANESCO, maana masika ikishika mawingu ya siku tatu mfululizo, paneli pekee hazitaijaza.

SWALI: Tunakaa Raskazone, karibu kabisa na bahari. Misumari ya bati imeoza kwa kutu na hata bawaba za milango hazidumu. Paneli zitasalimika?
Mama wa Raskazone

JIBU: Paneli zenyewe, mama, hazina shida kubwa, kwa kuwa fremu ni ya alumini na uso ni kioo. Kinachooza ni vishikizio. Sisitiza reli za alumini na bolti za chuma cha pua, na usikubali vyuma vya kuungaunga vilivyopakwa rangi ya fedha, ambavyo kusi la msimu mmoja linatosha kuvimaliza. Pale chuma cha kawaida kinapogusana na alumini, wekeni kipande cha mpira katikati, kwa sababu metali mbili tofauti zikilowa maji ya chumvi hulana. Inveta na kontrola zikae ndani ya nyumba, si barazani, na vichwa vya betri vipakwe grisi.

Paneli zisilazwe bapa. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini unatosha kulipokea jua, hasa kuanzia masika hadi Agosti linapokuwa upande huo, na mvua nayo itateremka na uchafu. Acheni nafasi ya kama sentimita 10 au zaidi kati ya bati na paneli ili upepo upite, kwani paneli ikipata moto nguvu yake hupungua. Chumvi ikiganda juu, isafisheni kwa maji baridi na kitambaa laini asubuhi, kabla kioo hakijapata moto.

SWALI: Nyumba yangu iko njia ya Pangani na imeezekwa makuti. Kijana wangu anataka kufunga paneli juu yake. Unasemaje?
Mzee wa Pangani

JIBU: Shikamoo mzee. Mwambie kijana asifanye hivyo. Umeme wa paneli ni wa mkondo mmoja, na cheche yake ikishawaka kwenye kiungo kilicholegea haijizimi kwa urahisi kama ya umeme wa TANESCO, ambao hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde. Juu ya makuti makavu, hiyo ni nyumba nzima. Paneli zisimikwe kwenye fremu ardhini, mbali na kivuli cha minazi, au juu ya bati la banda la jiko kama lipo. Kivuli cha kuti moja tu kikiangukia pembe ya paneli hupunguza umeme kuliko unavyodhani.

SWALI: Nimefunga inveta ndogo, na tangu hapo feni inanguruma na kupata moto. Feni imeharibika?
Msomaji wa Chumbageni

JIBU: Yaelekea feni ni nzima. Inveta za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi-ngazi, ambao mota za feni na friji hazipatani nao. Ijaribu feni hiyo kwa umeme wa TANESCO. Ikitulia, badilisha inveta kwa ile ya mawimbi laini, na hadi hapo usiiunganishe friji nayo.