Taarifa za mteja zinakuja kwa wengine, kwa wengine 401

Swali: Niko Arua, nauza vitenge na viatu kwa duka la mtandaoni, wateja wengine wako Juba na Ariwara. Mteja akimaliza kulipa, huduma ya malipo inamrudisha kwa saiti yangu na tokeni (msururu wa herufi wa kumtambulisha) ndani ya anwani, alafu PHP yangu inatakiwa iulize seva yao jina, namba ya simu na imeili ya huyo mteja, na hilo ombi lazima lisainiwe kwa HMAC-SHA256, yaani sahihi inayopigwa kutoka kwa maandishi ya ombi na ufunguo wa siri. Kwenye majaribio ilikuwa poa kabisa. Sasa tumeanza kupokea pesa za ukweli, wateja wengine taarifa zao zinakuja, wengine napata 401, kosa la kukataliwa na seva, eti sahihi hailingani. Nimeomba ufunguo mpya wa siri na bado ni vile vile. Alafu swali dogo, nikishazipata hizo taarifa naweza kuzitunza zote?

Jibu: Ndugu yangu, umesema kwa wengine zinakuja, na hapo ndio nusu ya jibu. Ufunguo ukiwa mbovu unakataa watu wote, hauchagui huyu wa Juba na yule wa Ariwara, kwa hiyo huo ufunguo mpya ulikuwa wa bure tu. Kama programu ni ile ile na ufunguo ni ule ule, tafuta kile kinachobadilika kati ya mteja na mteja, na kwako kitu cha kwanza kubadilika ni tokeni.

Angalia zile zilizokataliwa, zitoe kwenye logi (kumbukumbu za programu) uzipange pembeni ya zile zilizopita. Mimi nadhani utakuta zilizokataliwa zina alama ya + ndani yake. Tokeni nyingi ni baiti za bahati nasibu zilizoandikwa kwa base64, njia ya kuandika baiti kwa herufi za kawaida, na base64 ina herufi 64, mbili kati yao ni + na /, sasa tokeni ya herufi 24 karibu moja kwa kila tatu itakuwa na + angalau moja, na ukipima kwa tokeni mbili tatu tu za majaribio unaweza usikutane nayo kabisa. Kwenye anwani ya wavuti + husomwa kama nafasi tupu. PHP ikishaweka tokeni ndani ya $_GET imeshaifungua tayari, lakini watu wengi wanaongeza urldecode() juu yake kwa usalama eti, na hapo + inageuka nafasi, unasaini tokeni ambayo kule kwao haipo. Kama iko kwako, itoe hiyo urldecode leo leo.

Upande wa pili wa shida hiyo hiyo ni wakati wa kutuma. Ukiunganisha tokeni moja kwa moja kwenye anwani bila kuifunga (kugeuza + kuwa %2B), wewe umesaini +, seva yao imepokea nafasi, wanapiga hesabu yao wanapata kitu kingine, 401. Ifunge kwa rawurlencode(), sio urlencode(), maana hii ya pili nafasi inaiandika + wakati ile ya kwanza inaiandika %20, na huduma nyingi zinazosaini maombi zinataka %20. http_build_query() nayo kawaida yake ni +, mpaka uiambie PHP_QUERY_RFC3986. Namba za simu zina ugonjwa huo huo, +256, +211, +243 zote zinaanza na hiyo alama.

Na kama ombi lako lina mwili wa JSON (data iliyopangwa kama maandishi), kuna mtego mwingine: json_encode() kwa kawaida yake inageuza / kuwa \/ na herufi kama é inaiandika \u00e9, kwa hiyo mteja wako wa Congo anayeitwa André ndiye atakayekataliwa wakati Andrew wa Arua anapita. Kugeuza kwenyewe sio kosa. Kosa ni kusaini maandishi fulani alafu maktaba ya HTTP ikatengeneza JSON yake upya na kutuma nyingine. Tengeneza maandishi mara moja, yaweke kwenye kigeu (variable) kimoja, saini hicho na utume hicho hicho. HMAC haijui jina wala namba, inajua baiti tu, nafasi moja ikizidi au mstari mpya mmoja mwishoni, sahihi yote inabadilika haibaki hata kufanana.

Ukitaka kuacha kubahatisha, kabla ya hash_hmac() andika kwenye logi ule mstari mzima unaosaini, ndani ya mabano ya mraba ili uone nafasi za mwanzo na mwisho, na urefu wake kwa strlen(). Ufunguo wa siri usiandike humo hata kidogo. Alafu waombe watu wa huduma wakupe mstari ambao seva yao ilijenga kwa ombi hilo hilo, huduma nyingine zinaurudisha ndani ya jibu la kosa lenyewe. Ukiipanga miwili utaona tofauti kwa macho.

Saa pia iangalie kama ombi lako lina saa ndani yake, ingawa kosa la zone nalo lingekataa zote. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa 3, ukitumia date() na zone ya Kampala alafu ukabandika Z (alama ya UTC) mwishoni umedanganya kwa sekunde 10,800, tumia gmdate(). Kuchanganya heksi (maandishi ya 0-9 na a-f) na base64 kwenye sahihi sio shida yako, hiyo ingekataa zote, ila kwa wengine wanaosoma: sahihi ya base64 ya SHA-256 ina herufi 44, ukiona 88 umefunga heksi badala ya baiti zenyewe, weka true mwishoni mwa hash_hmac().

Swali dogo sio dogo sana. Tunza jina, namba na imeili kwa ajili ya kupeleka mzigo na kurudisha pesa, mengine acha kwao. Sheria ya Uganda ya ulinzi wa data na faragha ya 2019 inataka ukusanye kinachohitajika tu kwa kazi yako, na anayekusanya data za watu ajisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, duka dogo nalo limo. Tena kwa mobile money usiliamini sana jina linalorudi: ni la mwenye laini, na wewe unajua hapa kwetu laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha shangazi. Mteja anaitwa Joyce, taarifa inasema Hassan, na hakuna wizi wowote. Kwa hiyo jina la kupokelea mzigo muulize mwenyewe kwenye fomu, lile la malipo liweke pembeni ya risiti, na usiandike programu inayofuta oda eti kwa sababu majina hayafanani.