Teksi ya uwanja wa ndege, Zanzibar

SWALI: Shikamoo bibi. Tulitua Unguja na mke wangu, dereva akatutajia dola 10. Kufika Mji Mkongwe akadai 20, eti kila kichwa 10. Safari ijayo tufanyeje? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Imeniuma, maana mmekuja kwetu. Teksi zetu hazina mita, bei ni maelewano. Kabla begi halijaingia kwenye buti, uliza: “Gari zima, sote wawili, mpaka mlangoni, shilingi ngapi?” Shilingi, si dola. Mimi huirudia bei kwa sauti, mkono ungali kwenye begi. Safari yenyewe haifiki kilomita 10. Mkiwa na mzigo mdogo, pandeni daladala ya 505 ya kwenda mjini.