Je, bibi yetu ameitwa punguani?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Bibi yetu aliporuhusiwa kutoka hospitali, daktari aliandika kwa Kiingereza kwamba yu "feeble" na asiachwe peke yake. Mjomba amekasirika, akidai kwamba mamake ameitwa punguani. Je, ndiyo maana yake, na kwa Kiswahili tuseme nini? — Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Waalaykum salaam. Mjomba wako amekasirikia neno ambalo daktari hakuliandika, ijapokuwa hasira yake haikuzuka bure. Likiwa peke yake, "feeble" humweleza mtu aliyeishiwa nguvu za mwili, hasa kwa uzee au maradhi: hainuki kitandani ila ashikwe mkono, na kikombe cha chai humtetemeka kabla hakijafika mdomoni, ilhali akili yake yaweza kuwa timamu kabisa.

Upungufu wa akili huingia pale neno hilo linapoungwa na jingine na kuwa "feeble-minded", istilahi iliyotiwa katika sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 kulitaja mojawapo ya makundi ya watu waliohesabiwa kuwa na akili pungufu, na ambayo ilidumu hadi sheria ya mwaka 1959 ilipoiondoa. Huko Marekani, Mahakama ya Juu iliitumia mwaka 1927 ilipoliruhusu jimbo la Virginia kumfunga kizazi Carrie Buck, mwanamke aliyehesabiwa kuwa na akili pungufu. Siku hizi ni tusi.

Kwa Kiswahili, semeni bibi ni dhaifu wa mwili. Msimwite mnyonge, kwani mnyonge ni yule asiye na mtetezi, naye bibi ana mjomba wako. Wala goigoi, neno lenye lawama ya uvivu ndani yake. Palipo na mwanga, sauti au mapigo ya moyo, hafifu ndilo hasa: nuru hafifu, mapigo hafifu. Udhuru unaoitwa "feeble" nao ni udhuru usio na mashiko.

Hata hivyo, daktari angechagua vyema zaidi. Asili ya "feeble" ni Kilatini, kwa maana ya jambo la kuliliwa, na hadi leo halikosi harufu ya huruma au dharau, ilhali "frail" ni la upole zaidi na ndilo wanalolitumia matabibu wa wazee. Mkirudi kwake, muulizeni udhaifu huo ni wa miguu, wa moyo au wa kutokula vizuri, kwani neno aliloandika halielezi.