Maswali ya Wasomaji: Namba 33 550 336 ni ya aina gani?

SWALI: Mwalimu, nakusalimu kutoka komine ya Katuba, Lubumbashi. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari, sehemu ya Hesabu na Fizikia. Tuliambiwa darasani kwamba 33 550 336 ni namba kamilifu. Nimeigawanya kwa 2 mara 12 nikafika 8 191, na hapo nikakwama. Je, nitathibitishaje sifa hiyo bila kuandika vigawo vyote, na je, namba hii ina sifa nyingine?

JIBU: Mwanangu, sehemu kubwa ya kazi umekwisha kuimaliza, kwa sababu umepata 4 096 × 8 191, na yote unayoyauliza yanatokana na zao hilo.

Kwanza ni lazima tuwe na hakika kwamba 8 191 ni namba tasa, maana kukwama bila kukiona kigawo hakujawa uthibitisho. Wengi wangejaribu namba tasa zote hadi 89, kwa kuwa 91 ikizidishwa kwa yenyewe hupita 8 191. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alionyesha njia fupi zaidi: 8 191 ni 2 kwa kipeo cha 13 ukitoa 1, na kwa kuwa 13 ni tasa, kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikipunguzwa 1, lazima kigawanyike kwa 26. Chini ya 90 zipo 27, 53 na 79 tu, na 27 si tasa. Ukigawanya kwa 53 inabaki 29; ukigawanya kwa 79 inabaki 54. Basi 8 191 ni tasa, na kila ninapofundisha hatua hii hunifurahisha upya, kwani kazi ya saa nzima inakuwa ya dakika mbili.

Namba kamilifu ni ile iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake, yenyewe ikiachwa nje, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Vigawo vya 4 096 vikijumlishwa vinatoa 8 191, na vya 8 191 vinatoa 8 192. Zidisha jumla hizo mbili upate 67 100 672, ambayo ni jumla ya vigawo vyote 26 vya namba yako. Ondoa namba yenyewe, nayo inabaki 33 550 336 kamili. Ni namba kamilifu ya tano, baada ya 6, 28, 496 na 8 128. Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, alithibitisha kwamba namba kamilifu zote zilizo shufwa hujengwa hivi.

Ni namba ya pembetatu pia, yaani jumla ya 1 hadi 8 191. Tena ni jumla ya vipeo vya tatu vya namba witiri kuanzia 1 hadi 127.

Namba kamilifu inayofuata ni 65 536 × 131 071. Ili kuhakikisha kwamba 131 071 ni tasa, jaribu 103, 137, 239 na 307 tu, kisha utuandikie masalio uliyopata.