Kumfundisha mtoto mdogo nyumbani: mimi nilianza na kengele na ubao

Dada wa Mikindani, umeuliza kama mtoto wa miaka 4 na mwenziwe wa miwili unusu wanaweza kufundishwa nyumbani ilhali hawatulii hata dakika 5, na utawatia adabu vipi bila fimbo. Mimi nina watatu, tuko Bamburi, Mombasa, baba yao anafanya shifti bandarini. Nikwambie kwanza nilivyoharibu.

Kifungua mimba alipofika miaka 4 nilinunua ubao, chaki na kengele (naam, kengele!), nikabandika ratiba ukutani: saa 2 herufi, saa 3 hesabu, saa 4 katekisimu. Ilikuwa Februari, joto lile la kaskazi unalolijua, mabati yanawaka. Wiki ya pili mtoto akiuona ubao tu analia. Siku moja alikataa kutamka "ba", nikamchapa kwa mwiko. Usiku sikulala. Asubuhi nikamwomba msamaha, baba yake akisikia. Baadaye nilikuta Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2223, inaeleza kwamba mzazi anayejua kukiri makosa yake mbele ya wanawe ndiye atakayeweza kuwaongoza na kuwarekebisha vizuri zaidi. Namba hiyo hiyo inataja mambo ya kufunzwa nyumbani: kujinyima, kupima mambo kwa busara, kujitawala. Herufi hazimo.

Ubao nikautoa. Tukaanza upya na kuitika. Sisi wa Pwani adabu hii tumeikuta: msichana akiitwa husema "abee", mvulana "naam", kisha aje. Kuja ndiko kwenye kazi. Nilikuwa naita mara 6 kutoka jikoni, sauti ikipanda, na watoto walishajua kwamba zile 5 za kwanza ni kelele tu. Sasa naita mara moja. Asipokuja naacha sufuria, naenda, namshika mkono, tunakuja sote bila maneno mengi. Chapati ziliungua sana mwezi ule. Lakini ukimwita mtoto kisha usifuatilie, unamfunza kutosikia, halafu unamchapa kwa somo ulilompa mwenyewe.

Masomo ni asubuhi, jua halijapanda. Mdogo anahesabu vitunguu, wa pili anachambua mchicha, mkubwa yuko juu ya mbuzi anakuna nazi huku akinisomea. Rangi, mdogo alizijulia kwenye leso ninazotandika meza ya sala: zambarau Majilio na Kwaresima, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani siku nyingi zilizobaki. Saa 6 mchana tunasali Malaika wa Bwana, sala ya Bikira Maria, na haupiti muda adhana ya adhuhuri inasikika mtaani. Aliniuliza kama nao wanamsalimu Maria. Nikamwambia wana sala yao, ila Bi Maryamu wanamheshimu sana.

Kanisani tulikuwa tunakaa nyuma, karibu na mlango, nipate kutoka nao haraka. Kosa. Nyuma mtoto anaona migongo. Tulipohamia benchi la pili wakaanza kutulia, maana kuna cha kutazama, namnong'oneza tu, "ngoja kengele." Nyumbani wanacheza Misa, leso yangu ndiyo kasula, lile vazi la juu la padri. Wapo wanaoona huo ni mzaha na vitu vitakatifu. Mimi nawaacha.

Kuhusu serikali: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kwa hiyo weka daftari la kila mtoto, tarehe na alichofanya, na usiupe mgongo mtaala wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya awali. Mkaguzi wangu mkali kuliko wote ni mama mkwe, na daftari ndilo lililomtuliza.

Na jambo moja tulilochelewa kulijua. Papa Pius X mwaka 1910 aliweka Komunio ya kwanza kwenye umri wa mtoto kupambanua, kama miaka 7, nasi tukadhani mkubwa akishajua sala zote basi yuko tayari. Tukamfuata katekista, mwalimu wa dini wa parokia, mwezi wa Mei. Darasa la parokia lilikuwa limeanza Januari, na hata wa kusomea nyumbani lazima ahudhurie, kwa hiyo akasubiri mwaka mzima, akilia kila Jumapili wenzake wakipanga foleni. Mwone katekista wako mapema, hata kama huyo mdogo bado anavaa nepi.